Muuaji yule hana wazimu, wala hakupandwa na jini

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu siku nilizokuwa nikifundisha Kiswahili katika shule za sekondari za hapa Malindi, na ukurasa wa filamu ni miongoni mwa kurasa ninazozisoma kwa makini, kwa sababu vijana wanaonizunguka huzungumza filamu kuliko wanavyozungumza vitabu. Kwa hiyo sikuweza kuupita kimya uhakiki mliouchapisha Jumamosi mbili zilizopita kuhusu Mr. Brooks, filamu ya taharuki ya kisaikolojia iliyoongozwa na Bruce A. Evans na kutolewa mwaka 2007. Mhakiki wako ameisifu, na filamu yenyewe inazistahili sifa hizo. Lakini katika aya ya tatu amemwita mhusika mkuu mwendawazimu, na katika aya ya mwisho akaeleza kwamba mtu huyo ana skizofrenia, ambayo ameifasiri kuwa ni maradhi ya kuwa watu wawili katika mwili mmoja. Neno la kwanza si kweli kuhusu filamu, na la pili si kweli kuhusu filamu wala kuhusu maradhi yenyewe. Naandika kuomba yasahihishwe, na kueleza kwa nini mtu mzima wa umri wangu amekosa usingizi kwa ajili ya maneno mawili ya gazetini.

Kwa ambao hawajaitazama, Earl Brooks, anayeigizwa na Kevin Costner, ni tajiri wa mji wa Portland, jimbo la Oregon, nchini Marekani, mwenye kiwanda cha maboksi. Usiku ule filamu inapoanza, wafanyabiashara wa mji wanamtunukia heshima ya kuwa Mtu wa Mwaka. Ana mke anayempenda, ana binti aliye chuo kikuu, na nyumbani ana karakana ya ufinyanzi yenye tanuri la kuchomea vyungu. Mtu huyo huyo ndiye ambaye polisi wanamtafuta kwa jina la Muuaji wa Dole Gumba. Wakirejea nyumbani kutoka kwenye sherehe, mke wake ameketi kando yake, na kiti cha nyuma ya gari kimekaliwa na mtu wa tatu aitwaye Marshall, aliyeigizwa na William Hurt, ambaye Brooks peke yake ndiye anayemwona na kumsikia. Marshall anataka waue usiku ule. Brooks anakataa, anabishana naye, kisha anakubali.

Hoja yangu yote imo katika kiti hicho cha nyuma.

Nimeitazama filamu hii mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa katika kibanda cha video mtaani Maweni, baada ya sala ya Isha, nilipofuatana na mpwa wangu aliyenisihi sana niende nikaone jinsi vijana wanavyojifunza Kiswahili siku hizi. Kilikuwa chumba cha mabati chenye viti vya mbao, kitambaa cheusi kimetundikwa dirishani, na joto la watu sitini hivi. Katika vibanda vyetu filamu za Kizungu hutiwa sauti ya Kiswahili na msimulizi mmoja anayefasiri maneno ya wahusika wote, mume kwa mke, mzee kwa mtoto, na kuongeza ya kwake pale anapoona watazamaji wanasinzia. Siudharau usanii huo hata kidogo. Nilimsikia msimulizi yule akigeuza maneno ya kisheria ya talaka ya mpelelezi Atwood, polisi anayemwinda Brooks, kuwa Kiswahili ambacho kadhi angekikubali, na nilitamani baadhi ya wanafunzi wangu wa zamani wangekuwa na ulimi wake.

Ila kwa Marshall alikosea. Kila Marshall alipofungua kinywa, msimulizi aliitia sauti yake mvumo wa pangoni na kumwita subiani, aina ya jini. Brooks na Marshall walipocheka pamoja, na hucheka pamoja mara nyingi, msimulizi alisema, "Sasa kashampanda kichwani." Tangu hapo filamu ilikwisha kuwa filamu nyingine. Watazamaji hawakuwa tena wakimtazama mtu anayeua; walikuwa wakimtazama maskini aliyepagawa, na huruma yao yote ikamwendea yeye. Kijana mmoja nyuma yangu alisema kwa sauti, wala hakuwa akifanya mzaha, "Huyu akipungwa atapona." Wakati anasema hivyo, kwenye skrini kulikuwa na mwanamume na mwanamke waliokwisha kuuawa kitandani mwao, na sikumsikia mtu yeyote akiwataja.

Mara ya pili niliitazama nyumbani, kwa lugha yake, mpwa wangu akiisimamisha kila niliponyanyua mkono. Tulichokiona ni hiki. Marshall hajui jambo lolote ambalo Brooks halijui. Hashiki kitu, hafungui mlango, hamgusi mtu. Anapotoa ushauri, ni ushauri ambao mfanyabiashara mwerevu angejipa mwenyewe. Brooks hamuogopi, hashangazwi naye, hamuulizi katoka wapi, wala hata mara moja hadhani kwamba kuna mtu wa kweli garini. Kwa mwalimu wa fasihi jambo hili halina ugeni. Ni uzungumzi nafsia, ule ambao mhusika wa tamthilia husimama peke yake jukwaani akajadiliana na moyo wake, isipokuwa mwongozaji huyu ameupa moyo suti, uso na kiti cha kukalia. Marshall ni Brooks anapojisemea asichoweza kumwambia mkewe. Kumwita jini ni kumwondolea mwenye moyo moyo wake.

Tazama pia jinsi anavyoua. Hujifunza kwanza mazoea ya watu aliowachagua. Huvaa nguo atakazoziteketeza. Bastola huifunika kwa mfuko wa plastiki ili asiache kitu nyuma yake, huikagua nyumba kwa utulivu wa fundi anayekagua kazi kabla ya kudai malipo, kisha hurudi nyumbani akatia nguo zile katika tanuri la vyungu na kuoga, halafu akalala kando ya mkewe. Kosa lake la usiku ule ni mapazia ambayo hayakuwa yamefungwa, na mpiga picha wa jengo la pili aliyeona kila kitu. Hapana hata hatua moja katika mwenendo huo ya mtu asiyejua anachofanya.

Sheria yetu ya Kenya ina kipimo cha jambo hili, na si kipimo cha jana. Kifungu cha 12 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kinamwondolea mtu hatia ikiwa, wakati wa kutenda, maradhi ya akili yamemfanya asiweze kuelewa anachokifanya au asiweze kujua kwamba hapaswi kukifanya. Asili yake ni kanuni iliyowekwa Uingereza mwaka 1843, baada ya mtu aitwaye Daniel M'Naghten kumpiga risasi katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel akidhani ndiye Peel mwenyewe, akiwa ameshikwa na imani kwamba serikali inamwandama. Muweke M'Naghten upande mmoja na Brooks upande wa pili. Yule alikuwa amepotewa na ulimwengu, asijue ukweli uko wapi. Huyu anaujua ulimwengu kwa ukamilifu, pamoja na saa ambayo jirani atapita. Anayechoma nguo zake anajua kwamba hakupaswa kuzitia damu.

Sasa nieleze sababu yangu mwenyewe. Mdogo wangu, tumbo moja na mimi, ana skizofrenia. Alianza kuugua akiwa na miaka 22, na tulizunguka naye kwa waganga kwa muda ambao hata leo naona haya kuutaja, kabla hatujampeleka hospitali. Sasa huchomwa sindano kila mwezi na hukaa nasi vizuri. Kila alasiri huketi barazani kwetu, mtaa wa Shela, akizishona nyavu za wavuvi zilizotatuka, na wavuvi humlipa kwa samaki au kwa fedha kidogo. Akiwa kazini midomo yake hucheza. Husema neno, hunyamaza kama anayesikiliza, kisha hupiga fundo na kuendelea. Watoto wa mtaa wamemzoea tangu wanatambaa, humwita Ami, na huja kumwomba yale maboya madogo ya mpira ili wayafanye magari.

Siku mbili baada ya filamu ile kuoneshwa Maweni, nilikuwa dirishani nikamwona mtoto wa miaka tisa hivi amesimama mbali na baraza, amemshika mwenzake mkono. Akamwambia, "Usimkaribie. Ana mtu wake nyuma." Ndugu yangu alilisikia. Aliacha sindano juu ya wavu, akageuka polepole, akatazama nyuma yake.

Hapo, Mhariri, ndipo nilipoelewa kwamba kosa la msimulizi wa kibandani na kosa la mhakiki wako ni kosa moja. Mmoja amesema jini na mwingine amesema wazimu. Matokeo yake barazani kwangu yakawa yale yale.

Skizofrenia haina maana ya kuwa watu wawili. Chimbuko la kosa hilo ni jina lenyewe, ambalo daktari wa Uswisi, Eugen Bleuler, alilitunga mwaka 1908 kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya kupasuka na akili; lakini alichokikusudia ni kuachana kwa fikra, hisia na utambuzi ambavyo kwa mtu mwenye afya huenda pamoja, wala hakukusudia mtu mmoja kuwa wawili. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba mtu mmoja katika kila watu 300 hivi duniani ana maradhi haya. Maana yake ni kwamba wamo katika kila mtaa wa Malindi na wa Lamu, na walio wengi hawamdhuru yeyote. Hudhuriwa wao, kwa mawe, kwa kamba na kwa kufungiwa vyumbani. Ndugu yangu amewahi kunieleza sauti anazozisikia. Humkemea. Humwambia kwamba hana kazi duniani. Zinapozidi hujifunika shuka kichwani na kuniomba nimsomee. Hajawahi kucheka nazo, wala hazijawahi kumpa shauri la kumfaa. Mtu anayeweza kuitazama sura ya Brooks na Marshall wakifurahiana kama marafiki wa zamani, kisha akaiita skizofrenia, hajawahi kukaa karibu na mgonjwa.

Kuna tabia ambayo waganga wa akili wameieleza na ambayo kweli inamkaribia Brooks. Mwaka 1941 daktari Hervey Cleckley wa Marekani aliandika juu ya watu wasiosikia sauti wala kuona yasiyokuwepo, wanaozungumza vizuri, wenye haiba, wanaoaminiwa, ila ndani yao pale ambapo mwenzao huwa na majuto hapana kitu. Alifananisha hali hiyo na barakoa: akili timamu iliyovaliwa usoni. Na hata hapo Brooks hatoshei sawasawa, kwa kuwa filamu inatuonesha kwamba anampenda binti yake kwa dhati. Hiyo ndiyo nguvu ya kazi hii, na laiti mhakiki wako angeikalia hiyo badala ya kuifunika kwa jina la ugonjwa.

Najua nitaulizwa kuhusu majini. Mimi ni Mwislamu na siwakani majini, kwa kuwa Qurani imewataja. Lakini Qurani hiyo hiyo, katika Sura ya Ibrahim, aya ya 22, inatueleza shetani atakavyojitetea Siku ya Hukumu: kwamba hakuwa na mamlaka juu ya watu isipokuwa aliwaita nao wakamwitikia, kwa hiyo wasimlaumu yeye bali wajilaumu wenyewe. Basi hata tukikubali kwa ajili ya mazungumzo kwamba Marshall ni shetani, aliyeitika ni Brooks. Filamu yenyewe inatuambia kwamba Brooks alikuwa amekaa miaka miwili bila kuua, na muda wote huo mwaliko ulikuwepo.

Watu halisi walioishi maisha ya namna hii wametumia kisingizio hicho hicho. Dennis Rader wa eneo la Wichita, jimbo la Kansas, aliua watu 10 kati ya mwaka 1974 na 1991. Alikuwa na mke na watoto wawili, alifanya kazi katika kampuni ya kufunga ving'ora vya kuzuia wezi, na alipokamatwa Februari 2005 alikuwa mwenyekiti wa baraza la kanisa lake. Kilichomfichua ni diski aliyoipelekea stesheni ya televisheni, ambayo ilibeba alama za kompyuta ya kanisa hilo. Katika barua alizokuwa akiwaandikia wanahabari miaka ya sabini alidai kwamba kuna dubwana linalomwingia kichwani na asiloweza kulizuia. Dubwana hilo, hata hivyo, lilijua kumsubiri mhanga awe peke yake, na lilijua kukata waya za simu. Mwaka 2005 alikiri makosa yote mbele ya jaji, akasimulia mauaji moja baada ya jingine kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya bidhaa, na akahukumiwa vifungo kumi vya maisha. Nchini Uingereza daktari Harold Shipman, aliyependwa na wagonjwa wake hata wakawa wanaifurahia nafasi ya kutibiwa naye, alipatikana na hatia Januari 2000 ya kuwaua wagonjwa 15 kwa sindano, na uchunguzi wa serikali uliochapishwa mwaka 2002 ukawatambua waliokufa mikononi mwake kuwa 215. Hapakuwa na jini hapo, wala wazimu. Palikuwa na koti jeupe na imani ya watu.

Wazee wetu hawakutuacha bila neno kwa watu wa aina hii. Tuna neno ndumakuwili, nyoka anayedhaniwa kuwa na kichwa huku na kichwa huku. Nilipokuwa nikifundisha niliwaambia wanafunzi wangu walichunguze vizuri: vichwa ni viwili, tumbo ni moja, na anachokila kwa kinywa hiki na anachokila kwa kinywa kile hukutana mahali pamoja. Hivyo ndivyo alivyo Brooks. Mume mwema na muuaji wanakula sahani moja. Tuna pia methali ambayo kila mtoto wa Pwani anaijua, kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Mhakiki anayeandika kwa Kiswahili hakuwa na haja ya kwenda hospitali kuazima jina la maradhi.

Filamu yenyewe ina udhaifu wake, na hapa natofautiana na sifa za mhakiki wako. Inatutaka tukubali, angalau nusu, kwamba kuua kwa Brooks ni uraibu. Anahudhuria vikao vya watu wanaojinasua na ulevi, anasimama na kusema kwamba naye ni mraibu bila kutaja wa nini, na anasali dua yao. Sisi wa Malindi uraibu tunaujua kwa sura. Tumezika vijana kwa ajili ya unga. Tunawaona wanaopanga foleni asubuhi kwenye kliniki ya methadoni, dawa ya kuwanasua na heroini, na tunajua arosto, yale mateso ya kukosa unga, inavyomfanya mtu atetemeke, atapike, auze sufuria ya mama yake mchana kweupe bila kujali nani anamwona. Mraibu hawezi kupanga. Kiu humtoa nje kabla hajavaa viatu. Brooks hupanga kwa majuma, na siku isipofaa huahirisha.

Lakini pana mahali ambapo filamu yenyewe inalivunja dai hilo, na ambaye hajaitazama na asingependa kujua aipite aya hii. Binti yake anarudi ghafla kutoka chuoni, na polisi wanafuata nyuma wakichunguza mauaji ya mwanafunzi mwenzake. Brooks anatambua kwamba binti huenda ndiye aliyeua. Methali yetu ya mtoto wa nyoka ni nyoka inamchoma mzazi yule waziwazi, na sijaona mwigizaji akiionesha hofu hiyo vizuri zaidi; labda inazidi kuuma kwa sababu sisi wa rika langu tulimzoea Costner akiwa mlinzi mwema wa mwimbaji katika The Bodyguard ya mwaka 1992. Baada ya kufikiri sana, Brooks anasafiri kwa ndege akiwa amejibadilisha sura, anamuua mtu mwingine huko chuoni kwa namna ile ile, na kurudi, ili polisi waamini kwamba muuaji bado yuko huko na wamwache binti. Usiku huo hapakuwa na kiu. Palikuwa na hesabu: uhai wa mtoto wa mtu kwa uhuru wa mtoto wangu. Mwenye kuweza kuua kwa hesabu namna hiyo ameshatuambia usiku mwingine wote ulikuwa wa namna gani.

Nilipokuwa nikiandika barua hii, jirani yangu mmoja aliniambia niache mambo ya filamu, kwani Malindi ina vifo vya kweli vya kuzungumzia. Anakusudia Shakahola, msitu ambamo waumini wa kanisa moja wanasemekana kufunga kula hadi kufa. Tangu Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule, na ni chumba cha maiti cha hospitali yetu kilichoipokea, hata ikabidi kuletwe makontena ya baridi. Kesi zilifikishwa mahakamani, walioshtakiwa walikana mashtaka, na sitathubutu kufananisha kisa hicho na mchezo wa sinema. Naligusa kwa sababu ya maneno tu. Siku zile nilipita nje ya hospitali mara nyingi, na nilizisikia kauli mbili zikirudiwa na watu wema kabisa: ni wazimu, ni mashetani. Watu walikuwa na uchungu na walihitaji neno la kusema, sikuwalaumu. Ila niliwaona pia waliosimama pale wakiwa na picha za watoto wao mikononi, na hao hawakuwa wakitaja jini wala wazimu. Walikuwa wakiuliza nani alifanya, nani alijua, na lini. Maswali hayo huulizwa juu ya mtu mwenye akili zake. Tukishalitoa jibu la wazimu, maswali hayo hayana tena wa kuulizwa.

Maombi yangu, basi. Kwanza namwomba mhakiki wako aandike sahihisho kwa mkono wake mwenyewe, katika ukurasa ule ule, kwamba skizofrenia si maradhi ya kuwa watu wawili na kwamba filamu hii haikuihusu. Haitamvunjia heshima, anaandika vizuri, na aya yake kuhusu mke wa Brooks, anayelala miaka yote kando ya mtu asiyemjua, niliikata nikaihifadhi. Pili naomba gazeti lako, katika habari za mauaji kama katika habari za filamu, lisiliandike neno mwendawazimu ila pale daktari au mahakama imelithibitisha, na hata hapo liandike mgonjwa wa akili. Kwa wenye vibanda na wasimulizi wao, ambao najua wengi wao hulisoma gazeti hili, nasema Marshall anaweza kusimuliwa kwa sauti ile ile ya Brooks, imeshushwa kidogo tu, na nawahakikishia kwamba kibanda kizima kitanyamaza kwa hofu kuliko kilivyonyamaza kwa subiani. Na watoto wa miaka tisa wasiingizwe. Bodi ya Uainishaji wa Filamu, KFCB, inaweka madaraja ya umri kwa sababu, na nyinyi mkiyachapisha madaraja hayo chini ya kila uhakiki mtawasaidia wazazi ambao hawana njia nyingine ya kujua.

Kila Jumamosi alasiri humsomea ndugu yangu gazeti lako barazani, kuanzia habari za bahari hadi ukurasa wa filamu, naye husikiliza huku akipiga mafundo. Toleo lile sikumsomea. Nililikunja nikaliweka juu ya kabati, na ameniuliza mara mbili liko wapi. Nimemwambia kwamba nangoja lije na mwenzake.

Wako katika lugha,
Mwalimu mstaafu,
Shela, Malindi